Usukani wa Tezi: Bushi za Nyuma za Impreza Kwenye Kisiwa cha Chumvi

Katika jahazi usukani huning'inia tezi, yaani nyuma ya chombo. Mwenye gari hushika usukani mbele, akaamini kwamba huko ndiko gari linakoongozwa. Lakini tairi za nyuma nazo zina usukani wao, na hakuna mkono ulioushika isipokuwa vipande vichache vya mpira. Tairi ya nyuma ikigeuza pua hata robo ya digrii bila kutumwa, dereva ataihisi kiunoni kabla hajaihisi mikononi. Kwenye Subaru Impreza ya umbo la GD, iliyotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2007, vipande hivyo, yaani bushi, ni 12, sita kila upande. Gari la umri huo lililoshushwa bandarini na kuishi kisiwani miaka kadhaa linaweza kuwa na shokapu mpya, rimu nzuri na injini inayovuta vizuri, huku bushi za nyuma zikiwa zile zile zilizotoka kiwandani.

Mtu akishajua hilo, hukimbilia kuagiza seti nzima ya bushi ngumu za poliyurethani (poli), plastiki inayofanana na mpira, na kuzijaza kila tundu. Hapo ndipo ninapopinga. Bushi huchaguliwa kwa kazi yake, na ugumu huja baadaye.

Pandisha gari juu ya stendi ulitazame kwa nyuma. Shokapu inasimama wima imeshika nako, yaani nyumba ya beringi ya gurudumu. Kwenye nako zinatoka linki mbili zilizokingama kuelekea katikati ya gari hadi kwenye krosimemba, yaani boriti ya chuma iliyokingama chini ya gari, moja mbele ya ekseli na moja nyuma yake. Kisha kuna mkono mmoja unaotoka kwenye nako kwenda mbele hadi kwenye bodi. Huo mafundi huuita trelingi amu. Kila linki ina bushi ya ndani na bushi ya nje, na trelingi amu ina bushi mbele na nyuma. Forester ya SG ina mpangilio wa aina hiyo hiyo, ingawa usichukulie kwamba vipuri vyake vitaingia kwenye Impreza bila kupimwa.

Linki mbili zilizokingama huzuia gurudumu lisiende kushoto wala kulia, na kwa kuwa ni mbili, ndizo zinazoamua pua ya gurudumu ielekee wapi. Chukua kona ya kulia. Uzito unahamia tairi ya kushoto, na barabara inaisukuma tairi hiyo kuelekea chini ya gari. Linki zote mbili zinabanwa, ile ya nyuma zaidi, kwa sababu nguvu ya barabara haipiti katikati kabisa ya tairi bali nyuma yake kidogo. Ikiwa bushi za linki ya nyuma zimelegea kuliko za mbele, kisogo cha gurudumu kinaingia ndani na pua inatoka nje. Tairi ya kushoto sasa inatazama kushoto wakati gari linakwenda kulia, na tezi ya gari inachotwa nje ya kona. Zikilegea za linki ya mbele, mambo yanageuka: pua inaingia ndani na gari linatulia.

Kutokana na hesabu hiyo, anayefunga bushi ngumu kwenye linki ya mbele peke yake, akauacha mpira uliochoka kwenye linki ya nyuma, amelifanya gari kuwa la hatari kuliko alivyolikuta. Fedha ikitosha nusu tu ya kazi, anza na linki za nyuma: bushi nne, mbili kila upande, za ndani na za nje kwa pamoja. Na usibadili upande mmoja ukaacha mwingine, hata kama upande mmoja ndio unaogonga.

Trelingi amu ina kazi tofauti. Ukikanyaga breki, barabara inalivuta gurudumu nyuma na mkono huo unavutwa. Ukikanyaga mafuta unasukumwa. Lakini gurudumu likipanda na kushuka, linki za kukingama hulizungusha katika tao lake, na trelingi amu inalazimika kufuata tao hilo pamoja na tao lake yenyewe. Kwa hiyo bushi zake hazizunguki tu kwenye bolti. Zinapinda pia ubavuni. Mpira unapinda. Poli ngumu haipindi vizuri, na inapokataa, sasipensheni inakaza: gari linadundadunda kwenye matuta badala ya kuyameza, na tairi inaachia lami yenye maji kabla ya wakati wake.

Wajenzi wa majahazi wanalielewa jambo hili kuliko wauza vipuri. Ubao mgumu hukutana na ubao mgumu, na kati yao hutiwa kalafati ya pamba, kwa sababu chombo hujipinda kikipigwa na mawimbi, na kisipokuwa na kitu laini cha kukubali kujipinda huko, kitavuja au kitapasuka. Bushi ni kalafati ya gari.

Chaguo langu kwa gari la barabarani Unguja au Pemba, basi, ni hili. Linki zilizokingama, ndani na nje, zifungwe poli ya ugumu wa wastani, takriban 80 kwa kipimo cha Shore A, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuzunguka kwenye bolti moja. Trelingi amu ipate mpira mpya: wa kiwandani, au ule mgumu kidogo wa STI, tawi la michezo la Subaru, unaojulikana kama Group N. Bushi za krosimemba na za difu ziachwe kama hazijachanika, maana poli mahali hapo huingiza mlio wa giya za difu ndani ya gari, mlio ambao hautoki tena. Whiteline na SuperPro za Australia na Powerflex ya Uingereza zote hutengeneza poli za Subaru. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya fremu na orodha yao, kwa sababu GDA (WRX) na GDB (WRX STI) hazishirikiani kila kitu.

Pilobolu, zile bushi za tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe, ni sahihi zaidi ya zote kwenye gari la mashindano. Kwa gari linalopita njia ya kifusi cha matumbawe kwenda ufukweni sizipendekezi hata kidogo. Mchanga na chumvi vikipenya kwenye kizuizi chake cha vumbi, zinaanza kugonga, na bushi inayogonga haina usahihi wowote uliobaki.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ugonjwa ni bushi. Mpira wenye nyufa juujuu bado unaweza kufanya kazi. Uliokufa ni ule uliobanduka kwenye kikombe chake cha chuma. Ingiza mtaimbo kati ya linki na krosimemba, sukuma polepole, na tazama kama kuna mwanya unaofunguka kati ya mpira na chuma. Papasa uso wa tairi kwa kiganja kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi: ukikwaruza upande mmoja na kuteleza upande mwingine, gurudumu linaburuzwa pua ikiwa mahali pasipo pake. Mvumo unaobadilika ukikunja kona ni beringi, na beringi za nyuma za Impreza hizi huchoka mara nyingi. Mlio mkavu wa kugonga kwenye tuta dogo unaweza kuwa linki ya stabilaiza tu (stabilaiza ni chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona), kitu cha kubadilishwa nusu saa. Ifungue, endesha bila hiyo mtaani kwa mwendo mdogo, usikilize.

Bolti ndefu

Kazi yote hii ingekuwa ya siku moja kama si bolti moja. Linki zote mbili kwa nje zimeshikwa na bolti ndefu inayopita kwenye bushi ya linki moja, ikatoboa nako kutoka upande hadi upande, ikatokea kwenye bushi ya linki ya pili. Bolti hiyo inakaa ndani ya nako kwa miaka, maji yanaingia kwenye uwazi mwembamba kati ya chuma na chuma, na kutu inapovimba inaifunga kama iliyochomelewa. Hata Japan bolti hii husumbua mikoa ya theluji wanakomwaga chumvi barabarani. Sisi chumvi yetu iko hewani mwaka mzima.

Siku tatu kabla ya kazi, mwagia mafuta ya kupenyeza pande zote mbili za nako, asubuhi na jioni. Siku yenyewe, legeza nati kwanza na uache nyuzi chache zimeshika, kisha jaribu kuizungusha bolti kwa kichwa chake. Tazama kwa makini kinachozunguka. Bolti ikizunguka na kuupinda mpira wa bushi huku linki imetulia, iliyoganda ni bomba la ndani la bushi, na hiyo ni nafuu kwa sababu bushi hiyo unaitoa hata hivyo. Bolti isipozunguka kabisa, imegandia ndani ya nako.

Hapo wengi huanza kupiga nyundo. Kichwa kinapanuka, bolti inapinda, na sasa haitoki wala hairudi. Usipige zaidi ya mara tatu au nne kwa nyundo ya kilo mbili, nati ikiwa imeachwa mwishoni mwa nyuzi ili ipokee kipigo. Ikikataa, kata. Pitisha msumeno wa umeme wenye bapa la kukatia chuma kati ya linki na nako, mbele na nyuma, linki zitoke, kisha fungua nako yote uipeleke kwenye presi. Kipande kilichobaki ndani kitasukumwa na presi ya tani 20, na moto kidogo ukihitajika. Moto huo utaharibu mpira wa kuzuia grisi ya beringi na pengine sensa ya ABS, kwa hiyo toa sensa mapema na uwe na beringi mpya mkononi.

Agiza bolti ndefu mbili na nati zake pamoja na bushi, kabla ya kugusa spana. Hii ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote kwa watu wa visiwani. Bolti ya aina hii haipatikani kirahisi dukani mjini Unguja, Chake Chake ndiyo usiseme, na bolti ya urefu unaokaribia kutoka duka la vifaa vya ujenzi haina ugumu unaotakiwa. Ukikosa Kariakoo au Gerezani, Dar es Salaam, itatoka Dubai au Japan, na gari litakaa juu ya stendi wiki kadhaa. Orodha kamili ni bushi 12, bolti ndefu mbili, nati za kujifunga zote mpya, bolti mbili za kemu (zinazogeuzwa kurekebisha pua) za linki ya nyuma kwa ndani pamoja na washa zake, na mpira wa stabilaiza wa kipenyo kinacholingana na chuma chake.

Kufungua na kukandamiza

Kabla ya gari kupanda, pima kimo kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa mkunjo wa bodi juu ya tairi, kila upande, na uandike kwa milimita. Namba hiyo utaihitaji mwishoni. Pandisha gari kwenye stendi mbili imara chini ya bodi, tairi za mbele zimewekewa vizuizi. Toa tairi, fungua kishikizo cha bomba la breki kwenye shokapu na waya wa ABS, tundika kalipa kwa waya. Usiiache ikining'inia kwa bomba lake. Bolti ya kemu ichorwe mstari kwa rangi kabla ya kulegezwa. Spana za 17 na 19 ndizo zitafanya sehemu kubwa ya kazi.

Linki zikiwa mezani, bushi za zamani zitolewe kwa presi, zikisukumwa kwa kikombe kinachogusa ukingo wa chuma cha nje peke yake. Usizichome moto. Moshi wa mpira ni sumu, na joto huondoa rangi inayoilinda linki na kutu. Zikikataa, toboa mpira kwa drili kuzunguka, toa bomba la ndani, kisha kata chuma cha nje kwa msumeno wa mkono katika mstari mmoja, taratibu, ukisimama kabla ya kugusa jicho la linki. Mchubuko kwenye jicho hilo ni mwanzo wa ufa. Soma kwanza maelezo ya bushi mpya: baadhi ya poli hutaka chuma cha nje kibaki, na ukishakitoa hakirudi.

Mpira mpya unaingia kwa maji ya sabuni. Grisi na mafuta huuvimbisha na kuulainisha, basi hata tone moja ni kosa. Poli inataka kinyume chake: inataka grisi ya silikoni inayokuja na seti yake, nyingi, ndani ya jicho, kwenye tundu la kati na kwenye nyuso za pembeni. Grisi ya kawaida ya beringi itasombwa na mvua za masika, na poli kavu hulia kama mlango wa banda. Jicho la linki lisuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kiwe laini, ingiza poli kwa jiliwa, bomba la chuma la katikati liwe la mwisho. Bushi ya mpira yenye mianya ikae kwa mwelekeo ule ule wa zamani. Piga picha kabla ya kuitoa.

Bolti mpya ndefu ipakwe grisi ya shaba kwenye shina lake lote linalopita ndani ya nako. Nyuzi ziachwe safi. Nyuzi zenye grisi hufanya torki (nguvu ya kukazia) ile ile ivute bolti kwa nguvu kubwa zaidi, na bolti huweza kupita kikomo chake bila fundi kujua.

Kukaza

Hapa ndipo bushi mpya huuawa kabla gari halijatoka karakana. Bushi ya mpira ya kawaida haina kitu kinachoteleza ndani yake. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha nje na kwenye bomba la ndani, na bolti ikikazwa, bomba hilo linashikwa lisizunguke. Linki ikipanda na kushuka, mpira ndio unaojikunja. Ukikaza huku gurudumu linaning'inia, umeuambia mpira kwamba kuning'inia ndiko kupumzika. Kwa linki ya urefu wa sentimita 40, gurudumu lililoshuka sentimita 9 limeipinda linki kwa digrii 13 hivi. Gari likishushwa chini, mpira unabaki umejikunja digrii hizo 13 usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa, na kila tuta linaongeza. Utachanika mapema, na lawama itaangukia spea.

Ingiza bolti zote kwa mkono, zikaze kiasi cha kuondoa mwanya tu. Kisha weka jeki chini ya nako, ukitanguliza kipande cha mbao, na uinue hadi kipimo cha habu na ukingo wa bodi kirudi kwenye namba uliyoiandika. Tazama bodi isiachane na stendi. Ndipo ukaze kwa spana ya torki, kwa namba za kitabu cha fundi cha mwaka wa gari lako. Karakana yenye shimo ni bora zaidi, kwa sababu gari linakaa kwa tairi zake lenyewe na fundi anakaza kutoka chini. Poli haijali sana jambo hili, maana bomba lake huzunguka kwenye grisi, lakini trelingi amu yenye mpira inajali kabisa, na gari moja likiwa na aina zote mbili ni rahisi kusahau.

Ukiwa bado chini ya gari utaona stabilaiza na utashawishika kuiongeza unene. Fanya hesabu kwanza. Ugumu wa chuma hicho hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne, kwa hiyo kutoka milimita 20 kwenda 22 ni ongezeko la asilimia 46, yote yakiwa nyuma. Kwenye lami kavu gari litakunja kona kwa ari. Kwenye barabara yenye maji ya vuli na mchanga juu yake, tezi itatangulia. Maliza bushi, endesha mwezi mzima, kisha uamue.

Pua za tairi

Baada ya kazi hii alaimenti si hiari. Impreza GD hurekebishwa pua za nyuma kwa bolti ya kemu iliyo ndani kwenye linki ya nyuma. Mlalo wa juu, yaani kemba, hauna marekebisho ya kiwandani huko nyuma. Mahali ambapo mashine ya alaimenti iko mbali, kama ilivyo kwa wengi walioko Wete au Konde, mshipi wa kuvulia unatosha kwa kipimo cha kuaminika.

Weka gari mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka. Funga mishipi miwili kwenye stendi, kushoto na kulia kwa gari, kwa kimo cha katikati ya habu, ikipita mbele na nyuma ya gari. Sogeza hadi umbali kutoka mshipi hadi habu za mbele ulingane pande zote mbili, kisha habu za nyuma vivyo hivyo. Umbali wa mbele na wa nyuma unaweza kutofautiana kidogo. Kinachotakiwa ni ulingano wa kushoto na kulia, na mishipi yenyewe iwe sambamba. Sasa pima kwa rula kutoka mshipi hadi ukingo wa rimu, mbele ya rimu na nyuma yake. Upande wa mbele ukiwa mbali zaidi na mshipi, pua imeingia ndani. Kwenye rimu ya inchi 17, tofauti ya milimita moja ni karibu dakika 8 za digrii. Ninachotaka ni kati ya sifuri na nusu milimita ndani kwa kila gurudumu, na kushoto kulingane na kulia. Zisipolingana, gari litatembea kama kaa, usukani ukikaa upande kwenye barabara iliyonyooka. Pua isitoke nje hata kidogo.

Kila ukigeuza kemu, sukuma gari mbele na nyuma mita chache kabla ya kupima tena, ili tairi zitulie. Kaza nati ya kemu huku umeishika bolti isizunguke, halafu pima mara ya mwisho, kwa sababu mara nyingi kipimo husogea katika kukaza.

Baada ya kilomita 100 rudi chini ya gari na spana ya torki, upitie kila nati. Baada ya 500 rudia mshipi. Ukitoka ufukweni, osha chini ya gari kwa maji matamu siku hiyo hiyo, na kabla ya kuosha onja maji yenyewe: visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na kuoshea gari kwa maji hayo ni kuirudisha kutu kwenye nako uliyoisafisha. Poli zikianza kulia, fungua bolti, toa bomba la kati, futa mchanga na upake silikoni upya. Bolti iliyopakwa grisi ya shaba itatoka kwa mkono.